Kamba ya Kiatu

Mkunga alimlaza mtoto sakafuni, mbele ya miguu yangu, kama desturi yetu ilivyo. Nikimwinua, ni wangu. Nisipomwinua, anatupwa jalalani.

Kitandani, mwili wa mke wangu Vibia ulikuwa bado una joto. Alikufa akiomba maji, na maji ya mtaa wetu, wakubwa wa Roma wameyavutia yote kwenye mabafu yao.

"Inama, mwanangu," mkunga alisema. "Sakafu ina baridi."

"Nitamnyonyesha mimi?"

"Ziwa huna, lakini mikono si unayo?"

"Mpeleke jalalani."

Majirani walikuwa wamejazana mlangoni, wakichungulia. Mkunga akapiga goti amchukue, akakwama. Mtoto alikuwa ameing'ang'ania kamba ya kiatu changu. Damu ya mama yake ilikuwa imeanza kukauka kwenye vikucha vyake, vidogo kama punje za mtama.

"Mbandue mwenyewe," mkunga alisema. "Mimi sina roho hiyo."

Nikainama. Nilipombandua, alivuta mwili wote nyuma, akalia.

"Kamwinua!" majirani wakapiga kelele. "Jamani, kamwinua!"

Mimi nilikuwa nimemkinga kichwa tu, kisigonge sakafu.