Sukari Kiganjani

Jumamosi hiyo baada ya ibada, waliokuwapo sebuleni, hapo Isebania mpakani, walikuwa watatu: mzee wa kanisa, binti yangu Bitutu na mumewe. Wa nne nilikuwa mimi, mama mkwe ninayeishi kwao, niliyetoka jikoni wakati huo.

"Sabato njema, mama," mzee wa kanisa alisema, akaninyooshea mkono.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefumbwa. Nikampa wa kushoto.

"Na huo mwingine umeficha dhahabu?" alinitania, akaushika na kuufungua taratibu.

Sukari ilimwagika sakafuni. Iliyobaki ilikuwa imegandia jasho katika mistari ya kiganja changu, wala sikuweza kuikung'uta.

Mkwe wangu aligeukia ukuta, kama mila yetu inavyomtaka asimtazame mama mkwe akiaibika. Heshima hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

"Mama, sukari si ipo tu?" Bitutu alininong'oneza. "Ungeniambia unataka kuongeza kwa uji wako."

"Miaka miwili ninakuambia, mwanangu. Sabuni, ninakuambia. Dawa ya mgongo, ninakuambia. Leo nimeshindwa kukuambia sukari."

Nilijipangusa kwa leso, nikaketi, kisha nikawatangazia wote, hata yule aliyenipa kisogo:

"Leo ni Sabato, siwashi moto. Kesho asubuhi nitapika uji, niupeleke mpakani kwa madereva wa malori. Nitauuza mwenyewe."