Fungu la Kumi la Wakili Mshana

Tangu sheria ile ianze kutumika, wakili wa utetezi aliyeshindwa kesi alitumikia gerezani sehemu ya kumi ya kifungo cha mteja wake. Watu waliiita fungu la kumi. Mteja akikiri kosa mwenyewe, wakili hakudaiwa hata siku moja.

Wakili Elifasi Mshana alikuwa amekwisha kutoa mafungu mawili. Aliporudi kutoka lile la pili, binti yake Nakunda alimpokea mlangoni kwa adabu, akamwambia, "Shikamoo, mgeni. Mama yuko jikoni."

Asubuhi ya kesi nyingine mkewe alimnyooshea tai huku akiuliza, "Baba Nakunda, kesi ya leo ni ya miaka mingapi?"

"Thelathini."

Mkewe alimaliza kuikaza tai. "Basi utamkuta mtoto darasa la saba," akasema, akaenda kuepua chai.

Zabloni, mlinzi wa ghala lililoteketea, alikuwa akimngoja mahabusu. "Mzee, siku ya moto nilikuwa hospitali, mke wangu akijifungua. Muulize hata muuguzi."

"Nimemuuliza. Anakukumbuka vema, ila anaogopa kufika mahakamani."

"Lakini wewe unaniamini?"

"Nakuamini, mwanangu," akajibu Elifasi, na hakusema uongo. Kisha akamsogezea karatasi ya kukiri kosa, akaishika pembeni isipeperushwe na feni, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi.