Maneno ya Kunong'ona

Fundi Shamte aliionea fahari kazi yake. Kaseti ya Bi Mgeni, barua ya sauti aliyoletewa na mumewe aliyefia ugenini, sasa imo ndani ya kompyuta, na kila neno lilisikika kwa nguvu ileile, tangu salamu za mwanzo hadi kwaheri.

Bi Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, huyu mbona anapiga kelele?"

"Pale mwishoni sauti ilikuwa chini mno, mama. Nimeipandisha uisikie."

"Nani kakwambia siisikii? Barua hii tuliisikiliza nyumba nzima, wakwe na mawifi wamejaa mkekani. Salamu zao alizitoa kwa sauti kubwa. Maneno yangu aliyanong'ona, akijua atakayeinamia redio ni mimi tu."

Shamte aliirudisha kaseti mwanzo, akapunguza sauti inayoingia kwenye kompyuta mpaka kicheko kikubwa alichocheka marehemu kwenye salamu kikapita bila kukwaruza. Kisha akaondoa mikono mezani, asiguse tena kitu.

Salamu zilijaa chumba, jina baada ya jina. Halafu sauti ikashuka, ikazidi kushuka, ikabaki pumzi na mvumo wa utepe. Mkono wa Shamte ulinyanyuka wenyewe kuelekea kitufe. Akauzuia.

Yeye hakuambulia hata neno. Bi Mgeni alikwisha kuinama, shavu kwenye spika, na ushungi wake umewafunika wote wawili, yeye na sauti ya mumewe.