Tundu la Tatu

Atupele alipofungua tundu la tatu la seva, alikuta utando wa buibui. Diski haikuwemo.

Alikuwa amekuja kuhakiki mstari mmoja tu kabla kitini cha masomo hakijachapwa: kompyuta pepe ya mafunzo, ile isiyo na mwili wake, huhifadhi kila kitu kwenye diski ya tundu la tatu. Aliyeuandika ni mwalimu aliyemtangulia hapo chuoni Kibaha. Tangu afariki, wanafunzi waliukariri hivyo hivyo.

Akatazama skrini. Kompyuta pepe ilikuwa inafanya kazi, na diski yake ilisomeka kuwa nzima.

Akaingiza kidole tunduni. Kulikuwa na ubaridi wa shimo. Kidole kikatoka na udongo mwekundu, mbichi.

Alikumbuka walipomzika mwalimu huyo kule Msimbu, mjane akimtia diski kwenye mfuko wa koti. "Aende nayo," alisema. "Aliipenda kuliko mimi." Jeneza lilifunikwa Atupele akiona kwa macho yake.

"Madamu, kitini vipi?" karani aliuliza akiwa mlangoni. "Wanafunzi wanasubiri."

"Nivumilie kidogo, dada. Kuna kitu nasahihisha."

Akafungua kitini kwenye skrini, akafuta "tundu la tatu". Mahali pake akaandika: "Msimbu, Kisarawe."

Hakuwa amegusa kitufe kingine pale maneno mapya yalipoanza kujiandika chini ya yake, herufi moja moja, taratibu, kama mtu aandikaye gizani:

"Ahsante. Mwaka mzima nasubiri mtu aje kuhakiki."