Mchele Uliokwisha Chaguliwa

Siwema alikaa barazani, ungo mapajani, akichagua mchele. Alitoa kijiwe, akakiweka kwenye kifuniko cha chupa, akatafuta kingine. Akiwa hivyo tu ndipo moyo ulipoacha kumwenda mbio.

"Wifi, lete mchele, maji yanachemka!" Raya aliita kutoka jikoni.

"Bado kidogo."

Raya akatoka. Mchele ulikuwa safi, hauna hata chuya moja. Akamwona wifi yake akikiinamisha kile kifuniko, akivimwaga vijiwe vyote tena ndani ya ungo na kuvichanganya kwa kiganja.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nikimaliza kuchagua," Siwema alisema bila kuinua uso, "nitaanza kumfikiria kaka yako."

Kaka yake Raya alikwenda kutafuta kazi tangu mvua za mwaka jana, na sasa hata simu yake haipatikani.

Raya akarudi ndani, akaiepua sufuria. Alipotoka tena, aliinama chini ya ngazi, akaokota changarawe chache, akazitia kwenye ungo.

"Nisogezee, wifi," alisema, akaketi.