Kufuli la Saa Mbili

Kompyuta ya sebuleni ilifungwa na Mwanaheri mwenyewe: ikifika saa mbili usiku, ijizime. Siku za mwanzo binti yake Zaituni alinuna, kisha akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikomnyima mama raha. Leo ameamua kulitoa kufuli lake, liwalo na liwe.

Akaandika neno la siri. Kompyuta ikalikataa. Akaandika tena, ikalikataa tena.

"Anza na herufi kubwa, mama," alisema Zaituni nyuma yake, akimenya chungwa.

Mwanaheri akageuka. "Umelijua tangu lini?"

"Tangu siku uliyoliweka."

"Na hukufungua?"

Zaituni akainamia chungwa lake. "Wenzangu wakianza kumsema mtu kule kwenye kundi letu la mtandaoni, wanataka na mimi nitie neno. Nawaambia mama yangu mkali, kafunga. Sasa ukifungua, nitasema nini?"

Mwanaheri akashusha pumzi, akaondoa mikono mezani. "Basi mimi mkali," akasema, na kicheko kikamtoka.

Kwenye kioo cha kompyuta, ujumbe ulikuwa bado ukimiminika kundini saa mbili ilipofika. Kioo kikazima. Zaituni akaifunika kompyuta kwa kitambaa chake cha kufuma, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.