Jiwe la Mpaka

Risasi ya Kitundu ilimvunja kongoni kiuno, lakini mnyama alijiburura hadi akaanguka ng'ambo ya jiwe jeupe la mpaka, ndani ya hifadhi.

"Afande, niruhusu nimmalizie. Anateseka."

"Kibali chako kinaishia kwenye jiwe," alisema askari wa wanyamapori, akimenya chungwa. "Ukipiga huko, nakufunga."

Kitundu akashusha bunduki. Kongoni akajivuta kurudi kwa miguu ya mbele, akikoroma, hadi akalaza kidevu juu ya jiwe na kumtazama.

"Afande, karudi!"

Askari akainama, akachungulia. "Kichwa tu. Mwili bado uko ndani."

Fisi akatoka kichakani, akaanzia mapajani. Askari akamkatia Kitundu nusu ya chungwa, naye akaipokea.